Cyril Gittins Ahamia Upande wa Pili

Olive Preece alizaliwa juu ya mapipa. Sitanii. Chumba cha mama yake kilikuwa juu kabisa ya chumba cha bia, na wanaoikumbuka siku ile wanasema kwamba kati ya uchungu mmoja na mwingine mama mtu aligonga sakafu kwa kiatu, kumkumbusha mumewe asiwazidishie watu povu. Miaka sitini na sita baadaye Olive alikuwa bado analala chumba kile kile na kuuza bia ile ile, katika kilabu ambacho babu yake alimwachia baba yake, na baba yake akamwachia yeye. Juu ya mlango paliandikwa Mundu na Mganda, lakini maandishi yalikwisha futika na hakuna aliyeyahitaji. Watu wa Wistanhope, kijiji cha mashambani Uingereza, husema tu, niko kwa Preece.

Kwa Preece hakuna kaunta. Kuna chumba cha wanywaji chenye sakafu ya mawe, mabenchi matatu na meko. Kisha kuna ukuta, na katikati ya ukuta kuna kidirisha cha mbao kinachotosha kupitisha kichwa kimoja au bilauri mbili. Nyuma ya kidirisha ndiko kwenye mapipa, jiko, ngazi ya kupandia ghorofani, na Olive mwenyewe. Mteja anakaa benchini, Olive anasimama kidirishani, na katika vizazi vitatu hakuna mteja aliyevuka kwenda nyuma. Daktari alivuka, na wale waliokuja kumchukua baba mtu siku ya maziko, basi.

Olive naye hakuwa mtu wa kwenda kukaa na wanywaji. Huko aliingia asubuhi na ufagio, akatoka na ufagio. Tangu utotoni, baba yake akimkabidhi bilauri humwambia, "Peleka upande wa pili." Basi upande wa pili kwake ukawa ni huko, chumba cha wanywaji, kwenye moshi wa viko na vicheko vya wanaume. Mtu akiisha kulijua neno akiwa na miaka mitano, hana haja ya kuliuliza tena.

Sasa huyu Cyril Gittins. Kazi yake kusuka nyua za miti kwenye mashamba ya watu: anakata shina nusu, analilaza, analisuka na mwenzake, ua unashika. Mwanamume mrefu wa miaka sitini na mitatu, mikono imechanwachanwa na miiba, na domo zege wa kuzaliwa. Aliishi na mama yake mpaka mama akafariki, kisha akaishi na kuku. Kwa miaka ishirini na tisa aliingia kwa Preece saa kumi na mbili jioni, akakaa kwenye benchi lililo ubavuni mwa kidirisha, na bilauri yake ikawa imeshatokeza kabla hajavua kofia. Olive akasema, itanyesha. Cyril akasema, inaweza. Siku ambazo hawakukubaliana kuhusu mvua zinahesabika.

Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wahenga hawakufika Wistanhope. Kule watu wanazikwa nacho kifuani bila kukohoa hata mara moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, jua likiwa bado juu ya kilima, Cyril alimaliza bia yake asitoke. Akasimama mbele ya kidirisha anaizungusha kofia mkononi. Benchi la dirishani alikuwapo Tranter, mfuga kondoo mwenye mdomo usiotulia, na karibu na meko alikuwapo Bi Maud Beddoes, ajuza wa miaka themanini na minane. Wote wawili wakajifanya wanatazama sakafu.

"Olive," Cyril akasema, "nimekuwa nikifikiri. Naona nihamie upande wa pili. Kama huna neno."

Olive alikuwa na mkono kwenye koki. Akamtazama. Upande wa pili? Si ndiko aliko? Si ndiko alikokaa tangu Olive ana miaka thelathini na saba? Mtu anahamiaje mahali anapokaa? Kwanza akadhani anataka benchi la karibu na meko, lakini lile ni la Bi Maud, na Cyril si mtu wa kumnyang'anya bibi kizee joto. Halafu akapata maana, na maana yenyewe ikamchoma. Upande wa pili wa kilima, pale njiapanda, kuna kilabu kingine, kina zulia jekundu na kuku wa kuletwa kwenye vikapu. Basi ndiyo hivyo. Miaka ishirini na tisa, na sasa mtu anaaga.

Olive alinyoosha mgongo, maana ndivyo alivyofundishwa kufanya anapoumia. "Hakuna aliyekushika, Cyril," akasema.

Hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu uso wa Cyril ulikunjuka kama wa mtu aliyetua mzigo. Akavaa kofia nyuma mbele. Akasema, haya basi, nipe siku chache, akatoka. Siku chache za nini? Mtu akihama kilabu anakunywa kwingine kesho yake, haombi muda. Mazungumzo yote yalikwisha kabla povu la bilauri ya Tranter halijatulia.

Jumanne saa kumi na mbili Olive aliijaza bilauri ya Cyril kabla hajakumbuka. Ikakaa kidirishani mpaka povu likafa. Akaenda kuimwaga kwenye maharage yake bustanini. Jumatano akaijaza tena, na safari hii hawezi kusema alisahau.

Kuuliza hakuweza. Kwa Preece kuna sheria moja ya zamani kuliko mapipa: mteja asipoonekana, huulizi yuko wapi. Unauliza hali ya hewa. Basi Olive akamuuliza Tranter kama mvua imefika kule nyuma ya kilima. Tranter akaelewa anaulizwa nini, akajipa raha ya kujibu polepole. Mvua bado, akasema, ila kuna mambo. Cyril anagawa kuku. Yeye Tranter amepewa mitetea watatu, na jogoo amepelekewa mchungaji wa kanisa.

Bi Maud akatikisa kichwa. "Mtu akigawa kuku, binti yangu, anazijua siku zake. Marehemu mume wangu alisema hivyo hivyo. Maud, naona upande wa pili. Wiki haikuisha, tukamzika."

"Bi Maud, mumeo alianguka kwenye trekta," Tranter akasema. "Alikuwa anaona upande wa pili wa shamba."

"Alikuwa anaona vyote viwili."

Olive alikwenda kusafisha koki iliyokuwa safi. Mpaka jana alikuwa na jambo moja la kumkosesha usingizi, sasa yakawa mawili. Alijilazimisha kukumbuka kama Cyril alikuwa amekonda. Alimwona kila siku, na anayeonwa kila siku haonekani kukonda wala kunenepa. Alikuwa na kikohozi mwezi wa Machi. Lakini nani Wistanhope hana kikohozi mwezi wa Machi?

Alhamisi mchana Tranter akaja na mengine. Cyril amemrudishia mwenye nyumba ufunguo wa kibanda chake, mwisho wa wiki anatoka. Tena amenunua suti. Bi Maud akataka kujua suti yenyewe nyeusi au ya kijivu, kwa sababu jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Tranter akasema ya kahawia. Hakuna mtu anayezikwa na suti ya kahawia, hata yule asiyekuwa na ndugu wa kumsahihisha.

"Na jana," Tranter akaongeza, na sasa hakuwa na raha tena, "nimemwona njiapanda. Kavaa aproni."

Kilabu cha njiapanda ni cha Rita Bebb, mjane mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Tranter hakulitaja jina hilo. Alimaliza bia yake akaenda zake kwa kondoo.

Sheria ya nchi wakati ule ilikuwa vilabu vyote vifungwe saa nane na nusu mchana mpaka jioni. Olive alifunga, akavaa kofia yake ya kanisani, akapanda kilima. Katika maisha yake hakuwahi kutia mguu katika kilabu kingine, na njia nzima alikuwa anajiuliza mambo ya kipumbavu: mtu akiingia anasimama wapi? Anasema nini? Anajulikanaje anachotaka? Alipofika alikuta mlango umefungwa, jambo ambalo yeye, mwenye kilabu, angepaswa kulijua kuliko wote. Akazunguka uani, kwenye kreti tupu, akachungulia dirishani.

Aliliona zulia jekundu na mashine yenye taa za kumetameta. Alimwona Cyril Gittins nyuma ya kaunta, aproni imefungwa juu ya tumbo lake bapa, na Rita Bebb amemshika kifundo cha mkono juu ya koki. Povu lilikuwa kila mahali. Rita alikuwa anacheka mpaka anajishika kiuno, na Cyril, Cyril asiyecheka, alikuwa anacheka naye.

Olive aliuegemea ukuta. Wivu, akajiambia, na neno lenyewe likamshtua. Wivu, katika miaka sitini na sita, na kofia ya kanisani kichwani, katikati ya kreti za mtu mwingine. Wivu wa nini, naye mtu mwenyewe si wake? Hakujua kama anataka kulivunja lile dirisha au kuligonga kwa adabu amwambie Rita kwamba anafundisha vibaya, bilauri inalazwa kwanza ndipo inanyanyuliwa. Hakufanya lolote. Alishuka kilima, akaketi kwenye kidaraja cha kurukia ua wa kondoo, akalia kwa ghafla na kwa ufupi, kama mtu anayepiga chafya. Saa kumi na mbili kamili akafungua kilabu.

Ijumaa yote alitembea na jambo moja kichwani. Ugonjwa, Rita, kuku, suti, yote yalimzunguka na hakuna lililoshikana na jingine. Lakini katikati yake kulikuwa na kitu alichokijua sasa bila shaka yoyote, nacho ni kwamba hakutaka siku zake zilizobaki ziishe bila Cyril Gittins kuwamo ndani yake. Naye ndiye aliyemwambia, kwa kinywa chake, hakuna aliyekushika.

Jumamosi adhuhuri wakaja wageni. Mume na mke, vijana, wa London, wana kitabu chenye orodha ya vilabu vya zamani vya mashambani. Huja wachache kila kiangazi. Mwanamke alisimama katikati ya chumba mikono kifuani, akasema ni muujiza, nyumba haijaharibiwa hata kidogo. Olive alishukuru, ingawa siku zote hujiuliza wageni hawa walitarajia nani awe ameiharibu. Walitaka kuona orodha ya vyakula. Olive akawaambia kuna mayai ya siki na kuna viazi vya pakiti. Walitaka choo. Akawaambia ng'ambo ya ua, na wasimtazame bata bukini machoni, yule akikasirika anauma. Kuku wawili walishafia mdomoni mwake. Kisha yule mume akaketi kwenye benchi la ubavuni mwa kidirisha.

Tranter aliacha kutafuna. Bi Maud alifumba macho. Kijana wa watu alikula yai lake kwa amani, hajui kwamba amekalia miaka ishirini na tisa. Olive alifungua kinywa amwondoe, akakifunga. Amwondoe kwa ajili ya nani?

Mke akamaliza bia yake, akaja kurudisha bilauri. Akainama kidogo, akachungulia ndani ya kidirisha, akiwa na ile aibu ya wageni wenye adabu.

"Samahani, Bibi Preece," akasema. "Hivi sisi wageni tunaruhusiwa kuuona upande wa pili?"

"Upande wa pili ndio huo mliokaa," Olive akamjibu.

"Hapana, si huku." Akanyoosha kidole, kikapita kwapani mwa Olive, kuelekea jikoni. "Huko kwako."

Olive aliweka kitambaa chini. Akasimama kama mtu aliyeitwa jina kutoka mbali na hana hakika kama ni lake. Kisha akapita kwenye kijia, akatokea kwenye mlango wa chumba cha wanywaji bila ufagio, na Tranter akavua kofia pasipo kujua kwa nini.

"Sogea kidogo, kijana," Olive akamwambia yule mgeni.

Akaketi pale Cyril alipokuwa akikaa. Akatazama. Mbele yake palikuwa na ukuta, na kidirisha, na ndani yake, kama picha kwenye fremu, jikoni kwake. Birika juu ya jiko. Kiti chake chenye mto, na mkabala nacho kiti kingine ambacho hakikuwa na mto wala mwenyewe. Ngazi ya kwenda juu, na mwanga wa dirisha la nyuma ukilala kwenye mbao zake. Hakuwahi kujua kwamba nyumba yake inaonekana hivyo. Ilionekana mahali ambapo mtu angetamani kwenda, na mtu huyo ameketi hapa, kila jioni, akiutazama upande wa pili.

Kuku, akawaza. Kuku wamegawiwa kwa sababu ya bata bukini. Ufunguo umerudishwa kwa sababu hautahitajika. Na aproni! Maskini ya Mungu, mtu aliyesuka nyua maisha yake yote amekwenda kwa Rita Bebb kujifunza kufungua koki, ili asije akaingia nyumba ya watu mikono mitupu.

Alitaka kufurahi, lakini hofu ilimwahi. Alichosema yeye Jumatatu, mwenzake alikisikiaje?

"Tranter," akauliza, akiwa bado anakitazama kidirisha. "Ukimwambia mtu hakuna aliyekushika, umemfukuza au umemkaribisha?"

Tranter alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutafuta mzaha. "Inategemea amesimama mlango gani," akasema.

"Mimi nilipoposwa," Bi Maud akasema, macho bado yamefumbwa, "nilijibu kwamba naweza kuvumilia. Tukapata watoto saba."

Wageni walitazamana. Yai la yule mume lilikuwa limesimama njiani kati ya sahani na mdomo. Na hapo ndipo mlango wa nyuma ukalia, ule wa uani, unaotumiwa na Preece peke yao. Kikasikika kitu kizito kikitua sakafuni. Zikasikika hatua za viatu vipya, mbili, tatu, kisha zikasita katikati ya jiko.

"Olive?"

Sauti ilikuwa ya Cyril, na ilikiita chumba kitupu. Hatua zikaanza tena, za kutafuta. Halafu kichwa cha Cyril Gittins kikatokea kidirishani, nywele zimelowanishwa na kuchanwa, tai imefungwa na mtu asiyejua tai, suti ya kahawia. Akaona wageni. Akamwona Tranter bila kofia. Akamwona Olive Preece ameketi benchini, upande wa wanywaji, mbali na jiko lake, na uso wake wote ukaanguka.

"Nilielewa vibaya," akasema. Alisema polepole, bila lawama, kama mtu anayesoma maneno ya kwenye jiwe. "Mimi nimeingia, wewe umetoka kunipisha. Ngoja nichukue sanduku langu."

"Baki hapo."

"Nisitoke?"

"Usitoke, Cyril," Olive akasema. "Nakuomba."

Tranter amekunywa pale tangu ana miaka kumi na minane, na anaapa kwamba neno hilo hakuwahi kulisikia kwa Preece yeyote, aliye hai au aliyekufa. Cyril alibaki. Lakini kubaki nako kuna kazi yake, na mikono yake haikujua pa kwenda. Ikapanda kwenye tai, ikashuka kwenye ubao wa kidirisha, mwishowe ikafanya kitu pekee ilichofundishwa wiki nzima. Ikachukua bilauri, ikaifuta, ikaishika tayari chini ya koki.

"Basi," Cyril akasema. "Nikupe nini?"

Olive alifungua kinywa ajibu. Alijua anachokunywa Tranter, na Bi Maud, na kila mtu wa Wistanhope, na waliokwisha zikwa, hadi nani alitaka povu na nani hakulitaka. Yeye alionja kijiko kimoja cha kila pipa jipya, kama mpishi, kisha akanywa chai kwa kusimama. Katika miaka sitini na sita hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile, na sasa alilitafuta jibu kila mahali alipolijua, asilipate. Machozi yakamtoka mbele ya wageni, asiyafute.

"Sijui," akasema. "Cyril, mimi sijui napenda nini."

Cyril aliiweka bilauri chini, akaegemeza viwiko vyote viwili kwenye ubao wa kidirisha.

"Fikiri taratibu," akamwambia. "Mimi siendi tena popote."